Naomba ushauri: kufundisha watoto wa majirani nyumbani ili kuongeza kipato cha familia

Mama wa Kihonda, Morogoro

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuifanya kazi ninayotaka kuianza, kwa kuwa nimeiwaza kwa miezi kadhaa sasa na kila ninapokaribia kuamua hujitokeza swali jingine.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na nina stashahada ya ualimu niliyoipata mwaka 2019. Nimeomba ajira kila zilipotangazwa nafasi, lakini bado sijabahatika. Mume wangu ni dereva wa daladala. Akishatoa hesabu ya tajiri na kulipia mafuta, kinachoingia nyumbani siku nzuri kinatosha chakula na ada ndogo ndogo, na siku mbaya hakitoshi hata chakula. Tunaishi katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji wanne. Tuna vyumba viwili na baraza ndefu ambayo hupata kivuli kuanzia saa tisa alasiri, na kwa mwaka mzima sasa watoto wa majirani wamekuwa wakija hapo na madaftari yao, nami ninawaelekeza pamoja na mwanangu wa darasa la nne. Walianza wawili, leo wamefika saba. Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinishika mkono sokoni, akaniambia kuwa mwanawe wa darasa la pili ameanza kusoma mwenyewe maandishi ya kwenye kanga zake, kisha akaniuliza anipe kiasi gani kwa mwezi. Nilishindwa kumjibu. Nilimwambia tutazungumza, na mpaka leo sijarudi kwake.

Linalonisumbua zaidi ni namna ya kudai fedha kwa kazi ambayo watu wameizoea bure. Majirani hawa ndio wanaonishikia mtoto mdogo ninapokwenda kliniki, na ndio ninaowagongea mlango usiku nikiishiwa chumvi; sitaki fedha ije kati yetu ikatuharibia ujirani. Tena sijui bei iliyo ya haki, wala idadi ya watoto ambayo mtu mmoja anaweza kuifundisha kwa uaminifu. Mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima, na mpangaji mwenzangu amekwisha kuuliza kwa nini taa ya baraza inawaka hadi saa mbili usiku. Mwenye nyumba naye hajasema lolote, ila nina wasiwasi kwamba akisikia ninalipwa atapandisha kodi.

Jambo la mwisho ni mwanangu. Juzi, wenzake walipoondoka, alifunga daftari lake akaniuliza, "Mama, mimi nitasoma na nani?" Swali hilo limenikaa moyoni.

Baba Wawili, Mbagala

Dada, nakupongeza. Mimi si mwalimu, ni mzazi anayelipia tuisheni, hivyo nitasema yale ninayoyaona nikiwa upande wa mlipaji.

Mwaka juzi nilimchukua kijana mmoja awe anakuja nyumbani kumfundisha binti yangu mara tatu kwa wiki. Nilimlipa bila kuchelewa, na kila jioni nilipofungua daftari nilikuta vyema vimejaa ukurasa mzima. Nilifurahi sana. Ulipofika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, binti yangu alipata matokeo mabaya kuliko ya muhula wa kwanza, ambapo alikuwa bado hana mwalimu wa nyumbani. Nilimkalisha chini kwa upole, akaniambia ukweli: mwalimu alikuwa akiandika majibu kwenye karatasi pembeni, naye akiyanakili kwenye daftari ili kazi ya shule iishe mapema. Sikumchukia yule kijana, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiuliza kila siku kama kazi ya nyumbani imekwisha, na sikuwahi kuuliza mtoto ameelewa nini.

Kwa hiyo ukianza kupokea fedha, tafadhali mwonyeshe mzazi kitu ambacho mtoto hakukiweza mwezi uliopita na sasa anakiweza mbele ya macho yake. Yule mama wa sokoni alikutafuta kwa sababu alimsikia mwanawe akisoma kanga. Hakuhitaji kuonyeshwa ripoti yoyote.

Kuhusu malipo, kumbuka kwamba wengi wetu tunapata fedha kwa siku. Kwa mama ntilie au mwendesha bodaboda, shilingi 15,000 kwa mkupuo mwishoni mwa mwezi ni mzigo, lakini akitoa shilingi 4,000 kila Jumamosi hataona uzito. Mimi hulipa kwa wiki, na sijawahi kudaiwa.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mwanangu wa Kihonda, nilifundisha shule za msingi kwa miaka 31, na baada ya kustaafu nimefundisha barazani kwangu kwa miaka tisa. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa maswali yako ndiyo niliyoanza nayo mimi, na hakukuwa na mtu wa kuniongoza.

Nitaanza na kazi yenyewe kabla ya fedha. Mtoto akija kwako mara ya kwanza, usifungue daftari lake la kazi ya nyumbani. Mkalishe peke yake kwa nusu saa na umpime. Mpe ukurasa wa kitabu cha darasa lililo chini ya lake asome kwa sauti. Msomee imla ya maneno kumi yenye silabi mwambatano, kama vile ng'ombe, mbwa, nyanya na kwangua. Kisha mpe hesabu tano, naye azifanye huku wewe ukimtazama. Utazame mkono wake na umsikilize anavyonong'ona, kwa maana jibu peke yake halitakwambia alipokwama.

Niliwahi kuletewa binti wa darasa la tano ambaye mama yake alisema hana kichwa cha hesabu. Nilimpa 402 kutoa 178, akaandika 376. Badala ya kumwekea kosa nilimwomba anionyeshe alivyofanya. Akaweka kidole kwenye mbili na nane, akasema, "Nane toa mbili, sita." Akasogea, "Saba toa sifuri, saba." Akamalizia, "Nne toa moja, tatu." Kumbe katika kila safu alikuwa akitoa namba ndogo kutoka kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, kwa sababu kukopa mahali palipo na sifuri hakukumwingia tangu darasa la tatu, na tangu hapo amekuwa akijitafutia njia yake mwenyewe. Nilichukua ufagio wa chelewa nikauchambua, tukafunga njiti kumi kumi kwa uzi, kisha tukakusanya mafungu kumi tukayafanya fungu moja kubwa la mia. Akapanga sakafuni mafungu manne makubwa na njiti mbili. Nikamwambia, "Nipe njiti nane." Akasema, "Sina, bibi." "Basi fungua." Akatafuta fungu la kumi, hakuna. Alikaa kimya kidogo, halafu akafungua uzi wa fungu la mia, akapata mafungu kumi, akachukua moja kati ya hayo akalifungua nalo. Alipomaliza kutoa alihesabu zilizobaki mara mbili, 224, akaniomba nimpe hesabu nyingine kama ile. Wiki ile hatukugusa kabisa kazi ya nyumbani, na mama yake alinung'unika, mimi sikujutia.

Hiyo ndiyo kazi watakayokulipia, mwanangu. Mwalimu wa shule mwenye watoto themanini darasani hawezi kukaa na mtoto mmoja akamsikiliza akinong'ona. Wewe unaweza, mradi usijaze baraza. Mimi niliwahi kuwa na watoto kumi na sita kwa wakati mmoja kwa tamaa ya fedha, nikajikuta ninapiga kelele kama nilivyokuwa nikifanya shuleni. Nilirudi kwenye wanane, na hapo ndipo nilipotulia. Kama wapo wa madarasa tofauti, watenganishe siku: wale wa kusoma, kuandika na kuhesabu waje siku mbili, na wa darasa la nne na kuendelea waje siku nyingine mbili.

Sasa fedha. Usiwaendee majirani mmoja mmoja, kwa maana kila mmoja atakwenda kumuuliza mwenzake alitajiwa kiasi gani. Waite wote siku moja jioni, waeleze kwamba kuanzia tarehe fulani utakuwa na ratiba, siku na saa zinazojulikana, na kwamba ratiba hiyo ina malipo. Kilichokuwa bure kibaki bure: mtoto akija mlangoni na swali moja, mjibu, usimfukuze kwa sababu mama yake hajalipa. Wanacholipia ni saa zako ulizoziacha kando kwa ajili yao, na watu huielewa tofauti hiyo vizuri kuliko tunavyodhani.

Kuhusu bei, piga hesabu zako mwenyewe kabla ya kusikia za watu. Tuseme unachukua watoto wanane kwa shilingi 15,000 kila mmoja. Wakilipa wote utapata shilingi 120,000 kwa mwezi. Ukifundisha siku nne kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, hizo ni saa 24 kwa mwezi wa wiki nne, yaani shilingi 5,000 kwa saa. Lakini ongeza muda wa kusahihisha na kuandaa, ambao kwangu haukuwahi kupungua saa zile zile, na kipato chako kwa saa kinashuka hadi nusu. Ondoa chaki, karatasi na wawili wasiolipa. Halafu ukumbuke kwamba shule zikifungwa mwezi wa Juni na Desemba, wengi hawaji, na Januari wazazi wanakuwa wametoa fedha zote kwenye sare na madaftari. Kwa hiyo usichukue mkopo wa kikundi kwa kutegemea fedha hii, na usipange kulipia kodi ya nyumba kwa fedha ya Desemba. Miezi yenye nguvu ni kuanzia Julai, wazazi wanapoanza kuhofia mtihani wa darasa la saba wa Septemba na upimaji wa darasa la nne unaofuata.

Asiyeweza kulipa usimwache nje ikiwa nafasi ipo, lakini mkubaliane waziwazi. Kuna mama aliyenilipa kwa lita moja ya maziwa kila Jumapili kwa mwaka mzima, na ninakiri kwamba maziwa yale yalikuwa na uhakika kuliko fedha za wengine. Jambo moja tu nakuomba usilifanye kamwe: usimtume mwanafunzi kuchota maji, kuosha vyombo au kumbeba mtoto wako, hata awe ni yule asiyelipa. Mtoto hulifahamu jambo hilo upesi sana, na akishalifahamu hasomi tena.

Vitabu usinunue ovyo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, na vinasomeka hata kwa simu. Hakikisha unafuata mtaala wa darasa husika, kwa maana mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na watoto wale wa darasa la tatu wa 2024 ndio wanaotarajiwa kumaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, pamoja na waliowatangulia ambao watakuwa darasa la saba. Wazazi watakuuliza juu ya hilo, nawe uwe na jibu. Baraza la Mitihani nalo hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambamo unaona maswali, makosa waliyofanya watoto wengi na sababu zake. Mimi nilizisoma kama mkulima anavyosoma mawingu.

Kwa mwanao nitasema maneno machache, kwa sababu nililikosea jambo hili na wa kwangu. Mpe nusu saa yake kabla wenzake hawajafika, iwe ya kwake kila siku ya ratiba, na umpime kama unavyowapima wengine. Mtoto wa mwalimu huonekana anajua kwa kuwa yuko karibu na ubao.

Dada wa Ustawi, Dodoma

Nimefanya kazi za ustawi wa jamii kwa muda, naomba niongeze machache ambayo wenzangu hawakuyagusa. Fundisha barazani, mahali panapoonekana, na mtoto asiingie chumbani kwako kwa sababu yoyote, hata kama anakwenda kuchukua kitabu. Mwandike kila mtoto kwenye daftari: ni nani anayemleta, ni nani anayeruhusiwa kumchukua, na namba ya simu ya mzazi. Kaka, mdogo wa mume au mgeni yeyote wa kiume asiachiwe kusimamia watoto unapokwenda dukani. Fimbo iache kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya mateso na adhabu za kikatili, na mzazi aliyekuamini na mwanawe hatakusamehe kwa alama ya mkono. Pita pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa umweleze unachofanya, ili siku jirani asiyependa kelele akienda kulalamika, mwenyekiti awe amekwisha kukusikia.

Mama Rehema, Mombasa

Dada yangu, huku kwetu Kenya mambo yana sura nyingine kidogo, lakini kuna jambo ambalo huenda likakufaa. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza tuisheni ya likizo, kwa hiyo sisi tunaofundisha nyumbani tumejifunza kuiacha likizo iwe likizo. Mwanzoni niliona ninapoteza fedha. Baadaye niliona kwamba watoto walirudi Januari na hamu, na wazazi nao hawakuwa na neno.

Lililonipa taabu zaidi lilikuwa madrasa. Nilipanga masomo saa kumi jioni, nikashangaa kwa nini watoto wanasinzia. Kumbe walikuwa wanatoka shule, wanakwenda chuoni kusoma Kurani, kisha wanakuja kwangu bila kula kitu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameketi darasani tangu asubuhi. Nilikwenda kuzungumza na ustadhi wa msikitini kwetu, tukakubaliana siku, na sasa wanangu wa madrasa huja Jumamosi asubuhi na Jumapili asubuhi tu. Najua Morogoro pia kuna watoto wa madrasa na wa mafundisho ya kipaimara. Waulize wazazi kabla hujaandika ratiba, na uwe na uji kidogo. Kikombe kimoja cha uji hugharimu kidogo na huokoa saa nzima.

Mama wa Kihonda, Morogoro

Shikamoo mwalimu, na wengine wote nawashukuru kwa moyo wangu wote. Nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa nimefanya jambo.

Niliwaita wazazi siku ya Jumapili jioni, wakaja sita. Nilieleza kama mwalimu alivyosema, kwamba swali la mlangoni ni bure na ratiba ina malipo. Niliogopa sana, sauti ikanitetemeka, lakini yule mama wa kanga ndiye aliyesema wa kwanza kwamba alikuwa akiona aibu kunipa mtoto bure mwaka mzima. Tumekubaliana shilingi 12,000 kwa mwezi, na anayetaka kulipa shilingi 3,000 kila Jumamosi anaruhusiwa. Watatu wamechagua Jumamosi. Watano wataanza kulipa, na wa sita, ambaye mumewe yuko kitandani kwa maradhi, atanipa mchicha wa bustani yake akivuna. Hizo ni shilingi 60,000, ambazo kwa nyumba yetu si ndogo.

Suala la umeme limekwisha lenyewe, kwa kuwa nimepanga kufundisha saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, jua likiwa bado lipo, na watoto wawili wa madrasa watakuja Jumamosi asubuhi. Mwenye nyumba nilimwendea mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Aliniuliza kama nitampokea mjukuu wake, na kodi hakuitaja. Nimemwambia mjukuu atalipa kama wenzake, naye amekubali. Mwenyekiti wa mtaa naye ameandika jina langu kwenye daftari lake.

Nimewapima watoto wote, mmoja mmoja, kama ulivyoelekeza mwalimu. Mwanangu nilimweka wa mwisho, kwa sababu niliamini nitakuwa ninapoteza muda; mwaka mzima ameketi ubavuni pangu nikiwafundisha wengine, na madaftari yake yana vyema. Nilimpa ile ile, 402 kutoa 178. Aliandika haraka, akanisogezea daftari huku akitabasamu, na jibu lilikuwa 376.

Jana jioni, kabla wenzake hawajafika, tumechambua ufagio.